Jina Halikai Nje

Aliyempanga mtu huyu chini ya mawe alimpenda. Koplo Leetia aliliona hilo kabla Daktari Lamothe hajafungua kisanduku chake cha vifaa, na halikumfurahisha, maana tangu juzi kijiji kizima cha Itilliq kilikuwa kimeshampata muuaji, na muuaji huyo hakuwa na mapenzi na mtu yeyote.

Walikuwa kwenye ngazi ya tatu ya kokoto, upande wa kusini wa kisiwa cha Tulugarvik. Kisiwa hicho kimekuwa kikipanda kutoka baharini kidogo kidogo tangu barafu kuu ilipokitoka mgongoni, na kila kilipopanda kiliacha ufuko wake wa zamani juu, ngazi juu ya ngazi, hata mtu akisimama majini anaweza kusoma ni nani alitangulia kuishi hapo. Juu kabisa ni duara za mawe za watu wa kale ambao hata hadithi zimewasahau. Kwenye ngazi ya tatu ni nyumba za mbavu za nyangumi, zimebomoka, na makaburi yake pembeni. Chini karibu na maji kuna misalaba mitatu ya wavua nyangumi wa Skotlandi, halafu duka lililoanguka paa, halafu duara nne za mahema ya familia zilizoletwa na meli ya serikali kwa ahadi ya wanyama tele. Wanyama hawakuwa tele. Baada ya miaka michache waliosalia walihamishiwa Itilliq, ng'ambo ya mlango wa bahari, na tangu hapo Tulugarvik ni mali ya kunguru.

"Ukitaka kuficha kaburi," Leetia alisema, "lifiche makaburini."

Wapima miamba ndio walioliona. Dubu alikuwa amefukua upande mmoja wa rundo, na kando ya mbavu kulikuwa na kisahani cha namba, kile ambacho serikali ilimvalisha kila mtu wa huku shingoni zamani kwa sababu majina yetu yalikuwa yanawashinda makarani wake. Juzi Leetia alipokuwa akiisoma namba ile kwenye redio ya kituo cha polisi, mama mmoja aliyesimama mlangoni aliimalizia kabla yake, bila kupepesa macho. Alikuwa Napachi, shangazi yake. Namba ilikuwa ya mumewe, Kublu, ambaye watu wote walijua kwamba aliondoka na meli ya wagonjwa Agosti ya mwaka 1958, kumfuata mkewe aliyelazwa hospitali ya kifua kikuu kusini. Napachi alipona akarudi. Kublu hakufika kule wala hakurudi huku. Ni miaka thelathini na sita sasa, na katika miaka hiyo Napachi alikwisha kutembelea makaburi yote ya hospitali ile akitafuta jina, na kila alipolikosa alirudi akiwa na uchungu zaidi, maana mume asiye kaburini yuko kwa mwanamke mwingine.

"Babu," alimwambia Leetia siku ile mlangoni, "nenda kaniulizie jambo moja tu. Aliniacha, au hakuniacha?"

Alimwita babu kwa haki yake. Leetia ni jina la ubatizo tu. Jina lake la ndani ni Kublu, la Kublu mkubwa, babu wa huyo mume, mzee aliyekufa kwa njaa hapa hapa Tulugarvik. Na kwa watu wa Itilliq mtoto halipokei jina peke yake, humpokea na mwenye jina, mzima mzima. Kwa hiyo wazee humwita koplo huyu wa kike babu, naye huwaita wajukuu, na kila askari mgeni anayehamishiwa kituoni hucheka wiki nzima ya kwanza.

"Babu, mjukuu wako nimeshikwa na njaa," alisema Jaypiti, mwendesha boti, akiwa amekaa juu ya jiwe na kipande cha samaki mkavu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mdomo wa kijana wa ishirini. "Daktari achukue mifupa yake, twende. Muuaji tunamjua. Pua Nyekundu huyo."

Pua Nyekundu ndiye aliyekuwa mwenye duka. Alikuwa mzungu mlevi, na mwaka ule alimpiga risasi mbwa bora wa Kublu kwa kugombania ngozi za mbweha, kisha akapanda meli ile ile ya Agosti akaenda kufia kusini. Itilliq yote ilikuwa imekwisha kumhukumu.

"Muuaji mfu ndiye mzuri," Jaypiti aliendelea. "Hahitaji wakili, hana mama wa kulia."

Daktari Lamothe, mama mfupi mwenye miwani aliyeletwa kutoka kusini kwa kazi ya mifupa, alikuwa amepiga magoti kaburini. "Risasi ninayo," alisema. "Iliingia hapa, juu ya mtulinga, karibu na shingo. Haikutoka. Imeteremka sambamba na uti wa mgongo mpaka kwenye nyonga. Unaelewa maana yake, Koplo? Aliyempiga alikuwa juu yake. Huyu alikuwa amepiga magoti."

"Anaomba asiuawe," Jaypiti alisema, na samaki akashuka mkononi.

Leetia alikuwa anatazama mawe waliyoyatoa. Ya chini yalikuwa madogo, yamechaguliwa moja moja, na kila penye upenyo palizibwa kwa kuvumwani laini za mwambani ili mbweha asipitishe pua. Mwili ulifungwa kwenye ngozi ya hema, miguu ikaelekezwa baharini. Kando yake waliweka chusa na birika lililotobolewa makusudi, maana cha maiti hutobolewa ili nacho kife kimfuate. Pua Nyekundu hata mwenzake mzungu aliyekufa dukani alimtupa chini ya barafu na gunia la vyuma la kumzamisha.

"Nigeuzie mkono wa kushoto," Leetia alisema.

Chini ya kiwiko palikuwa na kipande cha ngozi kilichooza, cha ukubwa wa kiganja. Nywele zake zilikuwa bado zipo, ndefu na za rangi ya maziwa yaliyochacha. Alizisugua kati ya vidole.

"Kiraka cha koti?" daktari aliuliza.

"Ngozi ya dubu. Haikushonwa, ilifungwa kwa kamba. Jaypiti, mwambie mtu hufunga ngozi ya dubu kiwikoni lini."

Jaypiti aliacha kutafuna. "Juni. Sili wakitoka majini kupanda juu ya barafu kuota jua. Unalala chali, unalala kifudifudi, unajiburura kwa kiwiko ukimfuata. Akikutazama, unakuwa sili na wewe. Unainua kichwa, unajikuna, unalala tena. Ngozi ya dubu haitoi sauti na haipitishi maji."

"Na Agosti?"

"Agosti barafu iko wapi, Babu? Utajiburura juu ya mawimbi?"

Hapo daktari naye alielewa. Mtu huyu alikufa Juni, miezi miwili kabla ya meli. Tena hakupiga magoti mbele ya yeyote. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya barafu, kichwa kimeelekea upande wa aliyempiga, na huyo naye alikuwa amelala vile vile, mbali. Mwenye chuki hupiga mtu aliyesimama. Risasi ya namna hii ilimtafuta sili.

"Bado anaweza kuwa mwenye duka," Lamothe alisema. "Na yeye angeweza kukosea."

"Angekosea mzungu, Daktari, nani angemfichia? Angetajwa kila Krismasi mpaka leo." Leetia alisimama, akapangusa magoti. Alikuwa anayasema maneno hayo huku anatamani mtu amkatize. "Huyu amezikwa na watu wake. Na watu wake ndio waliosema amepanda meli."

Jaypiti alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Wanaume wazima wenyeji wa kisiwa kile walikuwa wanne, na mwaka wa 1957 meli ilichukua wawili kwa ajili ya kifua. Mwaka 1958 walibaki Kublu na shemeji yake, kaka wa Napachi. Jina lake Mosesie. Leo ana nyumba ya kijani karibu na kanisa la Itilliq, na Leetia ndiye binti yake wa pekee.

"Babu," Jaypiti alisema mwishowe, kwa sauti ambayo Leetia hakuwahi kuisikia kwake, "si lazima umalize leo."

Kabla hawajavuka, Leetia alimpigia redio inspekta wake aliyekuwa kusini, mbali kwa ndege mbili. Alimweleza yote, na alipofika kwenye jina la Mosesie alilitamka kwa ukamilifu kama kanuni zinavyotaka.

"Huyo si baba yako?" inspekta aliuliza.

"Ndiye, bwana."

"Basi wewe umetoka kwenye kesi kuanzia dakika hii. Ukungu ukiinuka nakuja mwenyewe. Usimhoji, umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana. Sitamhoji kama askari."

Akazima redio kabla hajaulizwa atamhoji kama nani. Njia nzima ya kurudi, maji yakiwa meupe kwa ukungu, alijaribu kumtetea baba yake kichwani. Kila utetezi ulivunjika kwenye jambo moja, na jambo hilo alikuwa amelibeba yeye mwenyewe tangu kuzaliwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Leetia alizaliwa Julai 1958, katika moja ya duara zile nne za mawe.

Mosesie alikuwa nje ya nyumba, amekaa juu ya pipa lililogeuzwa, anashona wavu wa sili. Vijana wa Itilliq humwita Mosesie wa Nyavu. Tangu wamjue hajawahi kumpiga sili aliyelala juu ya barafu. Wenzake wakienda Juni, yeye hubaki akisingizia macho, nao humtania kwamba anawaogopa sili wasije wakamcheka.

"Babu umerudi," alisema. "Chai ipo ndani. Mkate umeungua kidogo, usinitangaze."

Leetia alivua kofia ya polisi na mkanda, akaviweka juu ya ngazi ya nyumba, akakaa chini kwenye kokoto.

"Ni Kublu," alisema.

"Namba nimesikia."

"Wewe ulisema ulimwona akipanda meli."

"Nilimwona." Sindano ya wavu iliendelea. "Watu walikuwa wengi, lakini nilimwona."

"Alivaa nini?"

"Nitakumbuka leo? Koti. Viatu vya ngozi."

"Na kiwikoni?"

Sindano ilisimama.

"Baba, nataka nikuulize mengine. Haya hayahusu mifupa. Bibi alipokuwa anakufa aliniita nani?"

"Mama alikuwa ameshapotewa na akili."

"Aliniita nani?"

"Mkwe wangu."

"Mkwe wangu. Wote mlisema ni homa. Nami nikiwa na miaka kumi na mbili, boti ilipotuzimikia kule kwenye jabali la ndege, tukiwa wawili tu, ulinikumbatia ukasema, 'Usiogope, shemeji.' Nikadhani unanitania. Kublu mkubwa hakuwa shemeji yako, Baba. Hakuwa mkwe wa bibi. Mzee yule wote mlimwita babu."

"Babu, acha."

"Nilibatizwa kwenye meli ile ile, na padri aliyekuja nayo. Alipofika nilikuwa nimeshakuwa na jina kwa zaidi ya mwezi. Nionyeshe mtu mmoja wa huku, mmoja tu, aliyempa mtoto jina la mtu anayepumua. Hayupo. Kwa hiyo mimi nazaliwa Julai, ninyi mnajua Kublu amekufa, na Agosti mnasema amepanda meli."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Mosesie ilikuwa imechukua karibu umri mzima wa binti yake, na sasa alipofika mwisho wake alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo akakuta hawezi tena kunyoosha mgongo. Aliuweka wavu chini.

"Nilimkataza mama," alisema. "Nilimwambia, tumwite huyu mtoto jina lingine lolote. Jina hili litatuumbua. Akaniambia, 'Jina halikai nje, Mosesie. Umemtoa mwilini, sasa unataka abaki nje kwenye baridi?' Ulipozaliwa ulikataa kunyonya. Siku mbili unalia tu. Mama akakunong'oneza, 'Kublu, ni wewe?' Ukanyamaza, ukanyonya."

"Ilikuwaje?"

"Tulikuwa na njaa. Unajua njaa ya Tulugarvik? Hapana, hujui. Asubuhi aliniambia anakwenda kwenye jabali kutafuta mayai. Mimi nikashuka kwenye barafu. Jua lilikuwa kali, barafu inang'aa, macho yanatoka machozi. Nikaona sili wawili, mbali. Nikalala, nikajiburura. Mmoja alikuwa mwoga, anainua kichwa kila mara. Wa pili ndiye aliyenivutia. Alijikuna, Leetia. Alijigeuza ubavu akajikuna kwa lile pezi la mkono, akanusa upepo, akalala. Sijapata kumwona sili aliyejikuna vizuri namna ile."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumwita Leetia.

"Nilimpiga yule. Nikakimbia kabla hajateleza kwenye tundu lake, kisu nimeshakichomoa, nikiliwazia ini. Nilifika na kisu mkononi."

Leetia alitaka kumshika baba yake na alitaka kusimama aondoke, na hakufanya lolote kati ya hayo.

"Alikuwa bado anapumua?"

"Alikuwa hai. Alinitazama, akacheka. Akasema, 'Hata wewe nimekudanganya.' Anajisifu, unasikia? Risasi iko ndani yake, anajisifu." Mosesie alifuta uso kwa mkono wenye magamba ya samaki. "Nilimweka mapajani. Akasema, 'Usimwambie Napachi mpaka apone.' Hakusema lingine."

"Mpaka apone."

"Ndiyo. Na hofu nayo. Tulisikia kambi nyingine kuna mtu aliua kwa bahati mbaya, hakimu akaja na meli, akachukuliwa asirudi. Mimi nikichukuliwa, kisiwani anabaki mwanamume gani? Mama yako ana mimba, mama yangu, watoto wa wale wengine. Wangekufa kabla ya Krismasi. Mama akasema, mpaka meli iondoke hakuna aliyekufa. Wakihesabu watu, tuseme amekwenda kuwinda ndani. Wazungu hawakumwona, wala hawakumtafuta. Ikaondoka, tukawaambia wengine amepanda. Pua Nyekundu naye hakuwapo tena wa kubisha."

"Halafu shangazi akapona."

"Akapona. Alishuka kwenye boti ya meli amekonda, anacheka, kakumbatia shati alilomshonea kule hospitalini. Nilikuwa nimejiandaa. Naapa nilikuwa nimejiandaa. Akauliza, 'Yuko wapi?' Nikafungua mdomo, na mama akawahi: 'Si amekufuata wewe? Hamkuonana?' Nikaufunga." Alitazama mikono yake. "Kuanzia hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana yake. Unaingia kwa dada yako unasema leo. Anakupikia. Unakula, unatoka."

"Inspekta anakuja ukungu ukiinuka. Atakuuliza haya haya."

"Nitamjibu."

"Yeye atakuuliza baadaye. Kuna aliyeuliza kwanza," Leetia alisema, akanyanyuka. "Mimi sitamwambia badala yako. Twende."

Napachi alikuwa sakafuni, miguu imenyooshwa mbele, anakata nyama ya sili juu ya ubao kwa kile kisu cha akina mama kilichopinda kama mwezi mchanga. Aliwatazama wote wawili wakivua viatu, na alipoona binti na baba hawakutani macho, kisu kilianza kwenda polepole.

"Babu," alimwambia Leetia. "Aliniacha?"

"Hakukuacha."

Kisu kilisimama. Mama yule alivuta pumzi ndefu, na usoni pakapita kitu ambacho Leetia hakuwahi kukiona, kitu cha kijana, kama msichana aliyeambiwa kwamba mchumba wake yuko njiani. Kilikaa hapo muda mfupi tu. Mosesie alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao na ameanza kusema.

Alisema yote. Hakuruka kisu wala kicheko wala maneno ya mwisho. Alipofika kwenye shati sauti ilikatika, akaanza tena tangu boti ya meli, akamaliza. Napachi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kaka yake alipomaliza, yeye aliendelea kukata vipande viwili vitatu, vidogo, sawasawa, mikono ikifanya kazi yake peke yake.

"Ulikuwa unakula hapa," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nakupa macho ya samaki, unayapenda."

"Ndiyo, dada."

"Nikikuambia labda ana watoto kule kusini, labda wanafanana na adui yangu, wewe unatafuna."

Mosesie aliinamisha uso juu ya ubao.

"Kuua nimekusikia," Napachi alisema. "Barafu inang'aa, njaa ina macho yake. Hilo nitalia, na nikimaliza kulia nitakusamehe, maana najua alivyokuwa. Mjinga yule angemdanganya hata sili wa kweli akaja kumposa." Akataka kucheka, kicheko kikashindikana. Ndipo akainua kisu akakielekeza kwa Leetia. "Lakini huyu. Huyu hamkumkosea kwenye jua. Mlimleta hapa mlangoni kwangu anatambaa, mkaniambia, 'Msalimie babu.' Nikamsalimia babu. Mlijua ni nani mliyenishikisha mkononi."

"Dada..."

"Alipougua surua, nilipita hapo nje nikaenda zangu kuvua samaki. Nikasema babu ana wajukuu wengi, watamkalia. Ningejua, ningekaa naye kifuani mpaka apoe homa. Ningemshonea kila kiatu alichovaa. Sili wa kwanza aliyempata, ningelipokea ini kwa mikono hii miwili. Amekua mbele yangu, ameolewa, ameachika, amelia kwenye ngazi hiyo, na mimi nipo hapa ndani nashika tama nasubiri ndege imlete kutoka kusini." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwili wake uliniulia kwa bahati mbaya. Yeye mwenyewe mlinificha makusudi, tena miaka yote hii. Toka nje, Mosesie."

"Dada, inspekta akinichukua..."

"Akikuchukua nitakuletea chakula. Sasa toka."

Mosesie alitoka na viatu mkononi. Dirishani Leetia alimwona amesimama kwenye kokoto kwa soksi, hajui aelekee wapi, na ukungu ulikuwa unaanza kuinuka juu ya bahari. Ndege ingeweza kutua kesho. Alijua angepaswa kuandika maelezo ya kila alichokisikia leo, kwamba hakutumwa kukisikia, na kwamba huenda asingekuwa koplo tena. Hakuona kama hayo yalikuwa na uzito.

Napachi alikuwa amesogea. Alikaa karibu, goti kwa goti, akaupandisha mkono wake wenye mafuta ya sili mpaka kwenye mtulinga wa Leetia, upande wa kushoto, akaacha vidole hapo.

"Ulisikia baridi?" aliuliza.

Leetia aliwahi kusimama mbele ya mahakimu na kuapa, na katika kazi yake hakuwahi kutoa jibu asilokuwa na ushahidi wake.

"Hapana," alisema. "Kulikuwa na jua. Shemeji alifika upesi akanishika."

"Uliumia?"

"Kidogo. Nilikuwa nacheka."

"Nilikushonea shati. Nilikusubiri sana, nikakutukana pia. Nilikutukana kwa watu."

"Nilikuwa hapa hapa," Leetia alisema, na machozi yakamtoka bila ruhusa yake. "Sikwenda kwa mtu mwingine."

Napachi alitikisa kichwa mara nyingi, taratibu. Kisha alichagua vile vipande vidogo alivyovikata sawasawa, akavikusanya kwenye ncha ya kisu, akavisogeza mbele ya askari yule.

"Kula, mume wangu," alisema. "Umekonda."

Leetia alikula, na Napachi akakaa akimtazama mumewe akila.